Kama Una Haraka, Mafia Usiende

Sisi Wabongo, ndugu msomaji, tunasafiri kwa sababu tatu tu: msiba, arusi na uhamisho wa kikazi. Ukimkuta jirani yako kituo cha basi na begi kubwa, humuulizi kama anakwenda kutembea. Unamuuliza, "Kwema huko?" Maana yake, nani kafa? Sasa jaribu wewe, tena uwe mtoto wa kike, kuwaambia watu wa nyumbani kwamba unakwenda Mafia, huna shangazi kule, hujafiwa, huna mchumba, na kazi yako ni kutoka kisiwa hiki kwenda kile na shanta mgongoni. Watakupima homa.

Mashanta yenyewe tumeyazoea, ila kwenye migongo ya wenzetu. Tunawaona pale bandarini Dar, vijana wa Kizungu, ndala miguuni, chupa ya maji mkononi, wanaruka Unguja, wanaruka Pemba, wanaruka Mafia. Wakirudi kwao wanaandika vitabu vya kumwelekeza mtu wapi alale na wapi ale. Sisi tulio umbali wa basi moja na boti moja, visiwa hivyo tunavijua kwa picha za kalenda. Ukiuliza kwa nini, jibu liko tayari: kule ghali bwana, kule kwa watalii.

Wiki hii nabisha. Nimekwenda, nimelala, nimekula na nimerudi, na pochi yangu mnaifahamu ilivyo nyembamba. Fedha inatakiwa, sikatai, lakini Mafia inachokudai zaidi ni muda. Na huo muda, kama nitakavyoeleza, wenyeji wanaulipa kila siku ya maisha yao wala hakuna anayewapiga picha.

SI YA WATALIANO

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mafia hii haihusiani kabisa na wale majambazi wa Sicily wa kwenye sinema. Ni funguvisiwa, yaani kundi la visiwa, mbele ya mdomo wa Mto Rufiji. Kipo kisiwa kikubwa chenye urefu wa kilometa kama 50, halafu vipo vidogo vyake: Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vinginevyo. Vyote ni wilaya moja ya Mkoa wa Pwani, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 60,000.

Wengi hudhani Mafia ni sehemu ya Zanzibar, na wana sababu. Zamani ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakakaa mezani Ulaya wakagawana: Unguja na Pemba zikaenda kwa Mwingereza, Mafia ikafuata bara kwa Mjerumani. Mwenyeji hakuulizwa. Alilala chini ya Sultani, akaamka chini ya Kaizari, na minazi yake ileile.

MAJI YAKO WAPI?

Zipo ndege ndogo zinazotoka Dar mpaka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kwa nusu saa hivi na ushee. Hizo waachie wenye nazo. Njia yetu akina sisi inaanzia Mbagala Rangi Tatu. Basi linashika barabara ya Kilwa, linapita Mkuranga, linapita Kimanzichana, likifika Bungu linakata kushoto kutafuta bahari. Mwisho wa barabara ndio Nyamisati, kijiji kilichokaa ukingoni mwa delta ya Rufiji, mikoko mbele, mikoko kulia, mikoko kushoto, na mbu wasio na adabu.

Nilifika jioni. Nikauliza boti inaondoka saa ngapi. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia la unga akanitazama kama nimeuliza bei ya mwezi. "Dada, maji yakijaa."

Hilo ndilo somo la kwanza, basi bora nilieleze vizuri. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji yanajaa mpaka yanatisha, na yakitoka yanatoka kweli. Kwenye pwani yetu tofauti ya juu na chini hufika karibu mita 4, sawa na kuta za nyumba na paa lake. Siku za katikati ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mimi nilifika mwezi ukiwa mpevu, na siku kama hizo huku kwetu maji hujaa alasiri na alfajiri. Ya alasiri yalikwisha kwenda na boti yake. Basi alfajiri.

Nikalala kwenye mkeka wa mama ntilie, chandarua cha kuazima, baada ya sahani ya wali na kibua wa kukaanga. Jioni nzima ilikuwa ni mazungumzo. Hakuna aliyelalamika. Wenye magunia walilalia magunia, wenye watoto wakabembeleza watoto.

Kuhusu usalama, sitajifanya shujaa. Katika nchi hii nani kasahau? MV Bukoba kule Ziwa Victoria, Mei 1996. Spice Islander, Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba. Skagit, Julai 2012, ikitoka Dar kwenda Unguja. Mamia kwa mamia ya watu, na kila mara hadithi ikawa ile ile ya chombo na mzigo. Kwa hiyo nina sharti moja ambalo sina aibu nalo: nakihesabu chombo kabla sijakipanda. Watu wangapi, jaketi za kuokolea ngapi. Zikipungua, nasubiri kingine, hata kama ni kesho. Anayecheka acheke, yuko nchi kavu.

Alfajiri ile jaketi zilitosha. Tukatoka kwenye mikoko na mwezi bado uko juu, mto ukafunguka taratibu ukawa bahari, na hapo ndipo nilipompata bibi yangu.

UNAKWENDA KWA NANI?

Alikuwa amekaa pembeni yangu, kajitanda khanga mbili, jicho moja limefungwa bandeji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, bibi. Natembea tu, nataka kuona visiwa."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mumeo kakuruhusu?"

"Mume sijapata bado, bibi."

Akalifikiria hilo kwa muda, mawimbi mawili matatu yakapita. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kesi, "Basi utafikia kwangu. Chole. Mtoto wa kike halali ovyo."

Bibi alikuwa anarudi kutoka Dar kutolewa mtoto wa jicho. Matibabu yenyewe, aliniambia, yalikuwa ya asubuhi moja. Safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kungoja nauli, kungoja maji na kungoja mjukuu wa kumshika mkono, ilikula majuma mawili. Mjukuu mwenyewe alikuwa kalala fofofo kwenye miguu yake.

Tulipotia mguu Kilindoni jua lilikuwa limeshapanda. Mji mdogo, mchangamfu, soko lina samaki na nazi kuliko watu, bodaboda na bajaji zinagombea abiria. Bibi akashika njia ya kwake, mimi nikabaki siku ya kwanza hapo, gesti ya kawaida, shuka safi, feni inafanya kazi ikijisikia.

Nilibaki kwa sababu ya papa potwe. Kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati wa kaskazi, samaki hawa husogea karibu kabisa na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, lakini usikimbie: anakula vidudu vidogo vya baharini na dagaa, anachuja maji mdomoni kama mama anavyochuja tui. Kukodi boti peke yako ni bei ya kuuza friji. Nikangoja asubuhi ya pili pale ufukweni mpaka walipotokea wageni wanne waliopungukiwa na mtu, tukachanga. Mimi nikaingia majini na suruali na fulana, wao na vile vya kwao. Aliyepita chini yangu alikuwa mrefu kuliko Hiace ya Mbagala, mgongo una madoa meupe kama khanga mpya, na hakuwa na habari na mtu. Kanuni ni moja: usimguse, usimzibie njia. Unamwangalia anapita kama unavyoangalia mkubwa wa serikali akipita.

POPO NA MAGOFU

Kutoka Kilindoni mpaka Utende ni kilometa kama 15, barabara ya lami. Kabla ya Utende lipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, na hapo kila anayeingia analipa. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chako usijeukakaa unajieleza kwa lafudhi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo ya kwanza ya bahari nchini, eneo lake ni kilometa za mraba 822. Weka jina lake kichwani, tutalirudia.

Utende ni hoteli za bei kubwa zimejipanga ufukweni. Mbele yake, ng'ambo ya maji, ndiyo Chole. Mashua ya abiria inavusha wanafunzi, ndoo za samaki, baiskeli na mimi. Nilipanda alasiri, maji yamejaa, dakika chache tu tukagusa.

Chole ni kisiwa cha kuzunguka kwa miguu. Magari hakuna. Njia za mchanga zimepita chini ya miembe na minazi, na kila unayepishana naye anakusalimu, na usipoitika vizuri habari zako zinafika mbele kabla yako. Ukishuka tu unakutana na magofu ya Mjerumani. Hapa ndipo walipoweka makao yao ya utawala, mpaka mwaka 1913 walipoyahamishia Kilindoni. Sasa mizizi ya miti imezikumbatia kuta, imeingia dirishani na kutokea mlangoni. Hawakukaa sana na huko Kilindoni. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia wakaifanya kituo cha kuiwinda manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Ndege zikarushwa kutoka Mafia kwenda kuelekeza mizinga, na Julai 1915 manowari ikaisha kazi. Yale maji ya Rufiji niliyovuka usingizi ukiwa machoni, kumbe yamebeba mambo.

Jioni popo wakatoka. Hawa si popo wa darini kwetu. Ni wakubwa, wana sura ya mbwa mdogo, wanakula matunda, na mchana kutwa wananing'inia kwenye miti mikubwa kama miavuli iliyofungwa. Ukoo wao hauishi bara la Afrika kabisa. Ndugu zao wako visiwa vya Bahari ya Hindi, Komoro na kwingineko. Jua likizama wanaachia tawi mmoja mmoja, wanapiga mbawa taratibu kuelekea kisiwa kikubwa kutafuta maembe. Hata wao wanavuka kwenda kutafuta riziki.

Kwa bibi nilikula mhogo wa nazi na pweza. Usiku, tumekaa barazani, nikamwambia jinsi nilivyofurahia kungoja maji pale Nyamisati, jinsi akili ilivyotulia, hakuna foleni, hakuna kelele. Akacheka kwa kikohozi.

"Wewe mjukuu wangu unangoja kwa sababu umeshiba. Mimi mimba yangu ya tatu uchungu ulinishika usiku, maji yametoka yote. Dau limekaa kwenye tope kama kuku anayeatamia. Wanaume wakanibeba kwenye kitanda cha kamba, wanazama mpaka mapajani. Tulipolipata dau na maji kidogo, mtoto hakungoja. Nilizaa humo humo, kati ya hapa na Utende."

"Mtoto akawaje, bibi?"

"Ndiye aliyekuvusha leo. Hukumwona yule nahodha?"

Nikanyamaza. Mtu aliyezaliwa juu ya maji yale ndiye anayeyavuka kutwa mara ngapi sijui, na kila akivuka anapita mahali alipozaliwa.

SAA KUMI NA MBILI NDANI YA KUA

Siku ya tatu nikaenda Juani. Kwenye kisiwa hicho uko mji wa kale wa Kua, na kuufikia kwa chombo kunataka maji yaliyojaa kwa sababu ya mikoko na matope. Watalii wengi huja na maji, wanatazama, na kuondoka na maji hayo hayo kabla hayajawaacha. Mimi nikafuatana na kijana wa Juani saa 11 alfajiri, nikamwambia waziwazi: tunaingia na maji ya alfajiri, tutatoka na ya jioni. Akacheka. "Dada, utachoka kutazama mawe." Sikuchoka.

Kua ulikuwa mji kweli. Yapo magofu ya jumba la mtawala, ipo misikiti, yapo makaburi, zipo nyumba za mawe ambazo mibuyu imeota katikati yake kama mpangaji asiyehama. Mwisho wake uliletwa na Wasakalava kutoka Madagaska, miaka ya 1820. Walikuja kwa mitumbwi, wakaua, wakateka watu wakawapeleka utumwani, wakachoma. Walionusurika hawakurudi kuujenga. Chole ikachukua nafasi.

Lakini kijana wangu alikuwa na kisa kingine cha kale zaidi, cha ugomvi wa Kua na mji wa Kisimani, ule wa upande wa pili wa Mafia. Inasemekana mji mmoja ulipokuwa unashusha jahazi jipya majini ulitumia watoto wa mji mwingine kama magogo ya kulitelezesha. Waliofiwa hawakusema neno. Miaka ikapita. Kisha wakawaalika wenzao kwenye arusi, wakawaingiza chumba cha chini, na wakati chakula kinaliwa mlango ukajengwa kwa mawe ukazibwa. Kisa hiki kila kisiwa kinakisimulia kwa namna yake, na nilichojifunza ni kutouliza kwa sauti kubwa nani alikuwa nani.

Saa nne asubuhi maji yalikuwa yameondoka. Mahali tulipoelea na mashua palikuwa uwanja wa tope, kaa wanatembea, kina mama wameinama na ndoo wanatafuta pweza na chaza. Kati ya visiwa hivi zipo sehemu ambazo bamvua ikipwa wenyeji wanavuka kwa miguu. Kijana akanipeleka upande unaotazama bahari kuu, ambako kasa hupanda usiku kutaga mayai mchangani. Tukala maandazi na madafu. Tukalala kidogo chini ya mti. Nilipoamka nikasikia maji yanarudi kwenye mikoko, yana mlio kama mtu anayekunywa chai ya moto. Karibu na magharibi tukawa tunaelea tena.

MZEE WA JIBONDO

Jibondo ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo. Watu wake ni wavuvi na mafundi wa vyombo. Unasikia shoka na nyundo kabla hujashuka, na pwani ipo mbao imepindwa, ipo mbavu ya jahazi imesimama kama ya ng'ombe. Kisiwa ni jiwe, udongo haba, na kwa miaka mingi maji ya kunywa yaliletwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Watu wamezungukwa na maji pande zote nne na bado walikuwa wanayasafirisha kwa mitungi.

Nikamkuta mzee mmoja ameketi kivulini anaziba nyavu. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba, akanionesha pa kukaa. Akanyamaza mpaka akamaliza tundu moja.

"Umekuja kutazama nini, mwanangu?"

"Nimekuja kuona kisiwa chenu, mzee. Na matumbawe, nasikia ni mazuri."

"Mazuri. Wageni wanakuja na miwani ya maji, wanawatazama samaki, wanafurahi, wanaondoka. Mimi nikimtazama samaki nataka kumla."

Tukacheka, lakini hakuwa anatania. Nikamwuliza habari za baruti, maana miaka ya nyuma baharini huku mabomu yalilia sana. Akasema watu wa baruti ndio waliomwumiza yeye kwanza. Bomu moja linaua mkubwa na mdogo, linavunja matumbawe, na kesho hakuna. Hifadhi ilipokuja walifurahi, wakajua sasa mwizi kapatikana.

"Halafu?"

"Halafu wakatuambia na sisi, nyavu hii marufuku, na pale marufuku, na pale pengine kwa wakati fulani. Baba yangu alinifundisha kuvua pale."

"Na samaki wamerudi, mzee?"

Akavuta uzi kwa meno. "Wamerudi. Ndiyo maana inauma."

Nimelibeba jibu hilo mpaka Dar na bado sijalitua. Yuko sahihi aliyepiga marufuku, kwa sababu bila marufuku kusingekuwa na cha kubishania. Na yuko sahihi mzee, kwa sababu yeye ndiye aliyepunguza sahani yake ili bahari ishibe, na anayekuja kuifaidi bahari hiyo ni mimi na miwani yangu. Ada niliyolipa langoni haikupita mbele ya macho yake. Fedha anayoiona yeye ni ile ninayoiacha Jibondo: chakula nilichokula kwa mama wa pale, nauli ya mashua ya pale, kijana wa pale aliyenizungusha. Mtalii anayelala Utende, akaletwa na boti ya hoteli na chakula chake kwenye kapu, akatazama samaki na kurudi, hajaacha kitu ila wimbi.

Hapo ndipo sisi tunapowazidi wenye mashanta wa mbali. Hatuhitaji mkalimani. Tunajua kukaa barazani, tunajua kuamkia, tunaweza kula kinachopikwa. Mzungu angerudi na picha ya mzee anaziba nyavu. Mimi nimerudi na alichosema. Kwa nini basi tunawaachia wao kwenda, halafu tunalalamika kwamba visiwa vyetu vinasimuliwa na wageni?

KWA ANAYETAKA KWENDA

Sasa shoga yangu, na wewe kaka unayesoma gazeti la kuazima, kama nimekushawishi sikiliza haya.

Usiende wakati wa masika, Machi mwishoni mpaka Mei, utalowa wewe na shanta lako, na bahari inakuwa na hasira. Kusi ikivuma katikati ya mwaka nayo ina nguvu. Mimi nilikwenda Novemba, bahari shwari, papa potwe wapo, maembe yanaanza.

Beba fedha taslimu, nyingine ndogondogo, maana huko visiwa vidogo utamtesa mwenye mashua kwa noti kubwa. Beba tochi, chandarua, dawa zako, na mfuko mgumu usiopitisha maji wa kuhifadhia nguo. Ndala utavaa, lakini chukua na viatu vya kukanyagia matumbawe. Akina dada, khanga mbili ni silaha: utajitanda, utalalia, utajifutia, utabebea embe. Nguo za ufukweni ziache ufukweni, vijijini watu wana heshima zao. Ukiulizwa "unakwenda kwa nani?" usikasirike wala usidhani ni umbea. Ni njia yao ya kujua nani atajibu kama chombo hakikufika.

Ukipika safari ya siku mbili, Mafia utaiona kwa mbali kama uliyoiona kwenye kalenda. Weka siku saba. Mbili kati ya hizo wape maji, uyangoje kama wanavyoyangoja wao, mgonjwa na mzima, mwenye mimba na mwenye gunia. Kwako kungoja kutakuwa mapumziko. Kwao ni nauli ya pili, wanailipa tangu enzi za Sultani, na ukishailipa japo mara moja hutasema tena kwamba watu wa visiwani ni wavivu.

Kwa hiyo kabla hujamwomba bosi likizo, toka nje usiku, tazama mwezi uko wapi. Tukutane wiki ijayo.